Nyoka wangu hajamaliza kujivua gamba: nimsaidie au nimwache?

#1 Chatu Mpole
Wakuu, salaam. Nina chatu mdogo, wale wanaojikunja duara wakiogopa (Python regius), jike, bado anakua. Wiki iliyopita macho yalikuwa ya bluu kabisa, yakaja yakatakata, nikajua mambo yanaenda vizuri. Leo nimekuta ngozi imetoka vipande vipande. Kichwani na mgongoni imetoka, lakini kuna kipande kimeng'ang'ania kuelekea mkiani, na jicho la kushoto naliona limefifia kuliko la kulia.

Kipima unyevu kinasoma asilimia 60. Maji ya kunywa yapo muda wote. Mmoja ameniambia nimvue kwa mkono yaishe, mwingine kasema nisimguse hata kidogo. Nani yuko sahihi? Na kwa nini imetokea wakati unyevu upo?

#2 Kijiweni
Kichwa cha uzi kimenileta mbio nikidhani ni siasa. Nafika nakuta nyoka kweli! Nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

#3 Bi Tausi
Usimvue kwa mkono, na jicho hilo usiliguse kabisa.

Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu kama kioo, na hicho kioo nacho hubanduka pamoja na ngozi nyingine kila anapojivua. Ukienda na kibano kuvuta kile unachodhani ni kioo cha zamani, unaweza kung'oa kipya kilicho chini yake, au ukakuta cha zamani hakikuwepo kabisa. Hapo umeacha jicho wazi na unacheza na upofu. Jicho linaweza kungoja hadi mjivuo ujao.

Mkia hauwezi kungoja. Ngozi kavu iliyobaki nchani inabana kama pete, damu haipiti, ncha inakuwa nyeusi na kufa. Kwa hiyo anza na mkia.

Halafu hivyo vipande usivitupe. Tafuta cha kichwani, ukilowanishe kidogo, ukikunjue taratibu uangalie kama vile vioo viwili vya macho vimo. Kama vyote viwili vimo, jicho lililofifia lina sababu nyingine.

#4 Nyika
Asilimia 60 ni ya siku za kawaida. Macho yakianza kufifia unapandisha mpaka 70 au 80 na unaishikilia hapo mpaka amalize. Watu wengi wanapandisha baada ya ngozi kukwama, wakati kazi imeshaharibika. Jibu lako ndilo hilo, mkuu, mengine mbwembwe.

#5 Fundi Kipimo
Kabla hatujamhukumu nyoka tukihukumu kipimo kwanza. Ni cha mshale au cha tarakimu? Kimewekwa wapi?

#6 Chatu Mpole
@Bi Tausi asante, vipande ninavyo, nitaangalia. @Fundi ni cha mshale, nimekibandika juu, upande wa taa.

#7 Fundi Kipimo
Nilijua. Vile vya mshale vinadanganya sana, vingine vinakaa namba ileile mwaka mzima na mwenye nacho anafurahi.

Kipime hivi: chukua chumvi ya mezani, tia maji kidogo sana mpaka iwe tope (isiyeyuke yote), weka kwenye kifuniko cha chupa. Kifuniko hicho na kipimo chako viingize pamoja kwenye chombo kinachoziba vizuri, viache usiku kucha au siku nzima mahali ambapo joto halipandi na kushuka. Hewa ya humo ndani itatulia kwenye asilimia 75. Mshale wako ukionyesha namba nyingine, tofauti hiyo ndiyo uongo wake.

Na mahali ulipokiweka ni pabaya. Hewa ya moto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo asilimia inabadilika kwa joto tu hata kama maji yaliyomo hewani ni yaleyale. Chini ya taa unapata hesabu ya chini ya taa.

#8 Nyuki Dume
@Fundi Kipimo fizikia yako nimeikubali lakini imekugeukia. Kama chini ya taa, penye moto, panasoma 60, basi upande wa baridi lazima pasome zaidi ya 60. Ina maana unyevu upo wa kutosha na tatizo liko kwingine. Au?

#9 Fundi Kipimo
Kama kipimo ni kizima. Ndiyo maana nimesema chumvi kwanza.

#10 Mzee Kobe
Vijana mmeshika hewa, mmesahau maji yaliyo mwilini.

Nyoka anapokaribia kujivua, ngozi mpya inakuwa imeshajengeka chini ya ile ya zamani, na kati ya hizo mbili huingia majimaji, limfu, yanayosaidia kuzitenganisha. Ule ubluu wa macho ndio huo, unaona majimaji kupitia kile kioo. Baadaye majimaji hunyonywa, macho yanatakata, na siku chache baadaye anaanza kujisugua pua na midomo kwenye kitu kigumu mpaka ngozi ifunguke mdomoni. Halafu anatambaa akiiacha nyuma, inageuka ndani nje kama soksi.

Sasa jiulize majimaji hayo yanatoka wapi. Yanatoka mwilini mwake. Nyoka aliyekaukiwa ndani hata umpulizie mvuke wa ukungu, tabaka mbili zitagandana tu. Angalia mkojo wake: ile sehemu nyeupe ikiwa ngumu kama chokaa kavu, hanywi vya kutosha. Vuta ngozi ya ubavuni kidogo. Ikibaki imesimama badala ya kurudi, vilevile. Kuwa na bakuli la maji si sawa na kunywa. Wapo ambao bakuli likiwa wazi sana mahali peupe hawalisogelei.

#11 Nyika
Mzee wangu heshima yako, lakini mbona kwenye pori kavu wanajivua bila shida? Huko nani anawapulizia?

#12 Vichuguu
@Nyika hapo ndipo watu wengi wanapotelea. Huyu chatu mdogo asili yake ni mbuga za Afrika Magharibi na Kati, kuja mpaka upande wa Uganda. Kiangazi juu ya ardhi ni pakavu kweli, lakini yeye mchana hayuko juu. Yuko kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu vya mchwa, na humo chini unyevu hauondoki. Kwa hiyo kutazama hali ya hewa ya nchi anakotoka kisha ukaiga namba hiyo kizimbani ni kumwonea. Iga shimo lake.

Kwa maana ya vitendo: boksi la plastiki lenye kifuniko, toboa mlango mmoja wa kumtosha kupita, kingo zilainishwe zisimkate, ndani weka mosi (ile mimea laini inayoshika maji kama sponji) au tishu nene zilizolowa na kukamuliwa. Zisitiririke maji. Liweke katikati ya moto na baridi. Ataingia mwenyewe akihitaji na kutoka akichoka. Kizimba kizima hakina haja ya kuwa bwawa.

#13 Mwanambiji
Paka mafuta ya nazi ngozi iliyobaki, acha dakika kadhaa, inateleza yenyewe. Nimeona video.

#14 Bi Tausi
Mafuta hapana, wala ile mafuta mgando. Yanaziba, yanakusanya uchafu na matandiko, na kazi ya kuyaosha baadaye ni usumbufu mwingine juu ya usumbufu. Kilichokauka kinahitaji maji.

#15 Mwanambiji
Sawa dada, nimefuta wazo. Video ilikuwa na watazamaji wengi lakini.

#16 Kijiweni
Watazamaji walikuwa wengi, nyoka hakuulizwa.

#17 Sindano na Dawa
Nafanya kazi kliniki ya wanyama, si bingwa wa nyoka ila wanaletwa. Naongeza mambo mawili ambayo hayajatajwa.

Kwanza utitiri. Mwangalie chini ya kidevu, kwenye mfereji wa taya na kuzunguka macho. Ni vidoa vyeusi au vyekundu vinavyotembea. Mara nyingi vinaonekana kwanza vikiwa vimezama kwenye bakuli la maji, na mwenye nyoka anasema "mbona anapenda kuoga siku hizi". Utitiri unafyonza damu, unamsumbua, na ngozi inakuja vipande. Umpe unyevu kiasi gani, kama utitiri upo hujafanya kitu.

Pili joto. Huyu anataka upande wa moto uwe kama nyuzi 31 hadi 33, wa baridi 25 hadi 27. Akikaa kwenye baridi muda mrefu mwili unafanya kazi polepole, na kujivua ni kazi ya mwili.

Zaidi ya hapo kuna makovu ya zamani, lishe mbaya, minyoo. Mara moja kukwama kunaweza kuwa bahati mbaya tu. Kukijirudia kila mara, hata hali ya kizimba ikiwa nzuri, mlete apimwe.

#18 Chatu Mpole
Nimeangalia kwa tochi, utitiri sioni, bakuli safi. Upande wa moto unasoma 29.

Vipande vya kichwani nimevipata. Kioo kimoja kipo, cha pili sina uhakika, kipande kimechanika palepale.

Sasa huo mkia naufanyaje? Nielekezeni hatua, nataka nimguse mara moja tu.

#19 Nyuki Dume
29 si 31! Tayari tumepata mtuhumiwa wa nne. Hewa, maji, kipimo, joto. Nani anataka kuongeza?

#20 Bi Tausi
Namna ninayoifanya mimi, na sijawahi kumvuta ngozi yoyote:

Boksi lenye kifuniko na matundu ya hewa. Maji vuguvugu, nyuzi 28 mpaka 30, upime kwa kipimajoto, usitegemee kiganja. Kwako maji ya nyuzi 38 ni ya kuoga raha, kwake ni hatari. Kina kisizidi nusu ya unene wake, aweze kupumzisha kichwa bila kuogelea. Tandika kitambaa chini asiteleze. Dakika 20 zinatosha, na unakaa hapohapo. Usimwache ukaenda kupika.

Baadaye chukua taulo iliyolowa maji ya joto hilohilo, ikunje, umpitishe katikati ukiwa umeishika kwa wepesi. Yeye ndiye anayesonga mbele, wewe mkono wako ni kichaka tu cha kujisugulia. Ngozi iliyokwisha kulainika itabaki kwenye taulo. Fuata mwelekeo wa magamba, kichwa kwenda mkia, usirudi nyuma kamwe. Kipande kisichotoka kiache. Mrudishe mahali pake pa kujificha, zima taa kubwa, mwache mpaka kesho au kesho kutwa.

Akijikunja duara na kuficha kichwa, au anahema kwa sauti, acha kazi. Hiyo ndiyo lugha yake ya kusema imetosha. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, hawa hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima.

#21 Vichuguu
Kwa heshima, dada Tausi, napinga hatua ya maji. Kumwogesha ni kumtoa mafichoni, kumfungia kwenye boksi lisilo na kona ya kujificha, na kumlazimisha majini. Kwa mnyama ambaye ulinzi wake wote ni kujificha hiyo ni siku mbaya. Lile boksi la unyevu linafanya kazi hiyohiyo ndani ya siku moja au mbili, bila mkono wa mtu. Maji yabaki kuwa njia ya mwisho.

#22 Bi Tausi
Siku moja mbili, kwa ngozi ya mgongoni, nakubali. Kwa pete ya mkiani sikubali. Tena huyu ana pete.

#23 Sindano na Dawa
Mkuu Chatu Mpole, ncha ya mkia ina rangi gani? Kama ni ile ya kawaida na ni laini, unaweza kujaribu boksi la unyevu usiku huu ndipo uamue. Kama imeshaanza kuwa nyeusi, imevimba au imekakamaa, ondoka kwenye uzi huu umpeleke kwa daktari.

#24 Nyika
Nimerudi. Mimi ninaye yule mwekundu wa Marekani, Pantherophis guttatus. Unyevu wa asilimia 50 unamtosha, wakati wa kujivua naweka boksi la mosi, ngozi inatoka nzima mpaka ncha. Kwa hiyo kila aina na namba yake. Ila kitu kimoja kwangu kilibadilisha mambo kuliko maji: gogo lenye magome. Kizimba kilikuwa na vitu vya plastiki laini tu, hana pa kujikwaruza pua. Watu mnatazama unyevu, hamtazami kama ana pa kuanzia.

#25 Nyuki Dume
Mtuhumiwa wa tano, gogo.

#26 Mwanambiji
Naomba kuuliza la kijinga. Akiwa na macho ya bluu analishwa? Na anaumia?

#27 Mzee Kobe
Si la kijinga. Wengi wanakataa chakula kipindi hicho, wala usihangaike. Ngoja amalize. Kuumia hatuna dalili ya kusema anaumia, ila haoni vizuri na ngozi mpya bado laini, ndiyo maana hata mpole anaweza kurusha kichwa. Kumshikashika wakati huo ni ugomvi wa kutafuta. Tangu macho yafifie mpaka amalize kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili, na siku zote hizo mikono ikae mfukoni. Badilisha maji, angalia joto, ondoka.

#28 Kijiweni
Nimesogea viti viwili mbele. Swali: ngozi niliyowahi kuiona porini ilikuwa ndefu kupita kiasi. Ina maana mwenyewe alikuwa mkubwa hivyo?

#29 Vichuguu
Hapana, toa hofu kidogo. Ngozi ikitoka hunyooka, kwa sababu inajumuisha sehemu laini zilizokuwa zimekunjwa kati ya gamba na gamba. Daima ni ndefu kuliko mwenyewe.

#30 Kijiweni
"Kidogo" umeisema kwa makusudi. Na yule wa Marekani mwenye njuga mkiani, ni kweli kila pingili ni mwaka mmoja?

#31 Nyika
Si kweli. Pingili moja huongezeka kila anapojivua, na kwa mwaka anaweza kujivua zaidi ya mara moja. Halafu za mwisho hukatika. Ukihesabu umri kwa njuga utampa mzee cheti cha mtoto.

#32 Chatu Mpole
Mrejesho. Ncha ilikuwa na rangi ya kawaida, kwa hiyo nilianza na boksi la unyevu alilosema Vichuguu. Aliingia mwenyewe. Kipande cha karibu na mkia kimetoka kikabaki ndani ya mosi, lakini pete ya nchani ilibaki, hivyo nikafuata maji na taulo ya Bi Tausi. Imetoka bila kuvutwa. Kwa hiyo wote wawili mmeshinda, msigombane.

Jicho bado. Nimeweka picha, nilipiga bila mwanga mkali.

#33 Bi Tausi
Hongera. Mimi hapo naona kioo kilichobaki. Limefifia sawasawa, halina mng'aro wa mwenzake, na pembeni kama kuna ukingo ulionyanyuka.

#34 Mzee Kobe
Tausi mwanangu, tazama tena. Naona kibonyeo katikati. Jicho lililobonyea si lazima liwe na kioo cha zamani, ni la nyoka aliyepungukiwa maji. Akinywa vizuri linajaa. Narudi palepale nilipoanza.

#35 Vichuguu
Kwenye simu yangu naona mwanga wa dirisha tu.

#36 Sindano na Dawa
Kwa picha hii hata mimi sisemi. Daktari ana darubini ya kuangalia macho na ana mafuta maalumu ya macho ya kulainisha; nyumbani huna. Endelea na boksi la unyevu na maji ya kunywa. Mjivuo ujao ukipita na bado limefifia, au likivimba, likipata rangi ya maziwa nzito au usaha kabla ya hapo, mlete. Na nakukumbusha hizo nyuzi 29.

#37 Chatu Mpole
Nimepandisha thamostati (kidhibiti joto), sasa 32. @Fundi Kipimo ile chumvi nimeifanya, nimeiacha usiku kucha. Mshale umesimama kwenye 68.

#38 Nyuki Dume
Hahaha! Yaani kipimo kinapunguza asilimia saba. Aliposoma 60 kumbe ni kama 67. Kesi ya hewa imekufa.

#39 Fundi Kipimo
Polepole. Je, chombo kiliziba? Kikivuja hewa kavu inaingia na mshale unashuka. Au alitia maji mengi.

#40 Nyuki Dume
Maji yakizidi mpaka chumvi yote iyeyuke, unyevu unapanda juu ya 75, haushuki. Tafuta kisingizio kingine.

#41 Nyika
Halafu hata 67 kwa chatu huyu akiwa na macho ya bluu bado ni chini ya 70. Msinizike mapema.

#42 Fundi Kipimo
@Chatu Mpole rudia, safari hii funga chombo kwa utepe wa gundi pembeni, na usikiweke karibu na dirisha. Kikitoka hamishia upande wa baridi, usawa wa anapolala, si juu darini. Nunua na cha tarakimu ukiweke kando yake tuone nani anamsingizia mwenzake.

#43 Kijiweni
Mimi sina nyoka, na sitakuwa naye, ila mkia umenifurahisha. Hilo jicho likitakata mnitag.